Mkono wa koti umenikataa na shangazi anataka niache kolegi

BARUA

Salamu sana Mama, natumai uko salama huko Nakuru. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko Kisumu, nasoma diploma ya fashoni na ushonaji mwaka wa pili. Naishi na shangazi Manyatta, ni dada ya marehemu baba, na ndiye amenilipia karo tangu nianze. Shangazi ni fundi, ana kibanda karibu na soko ya Kibuye, ameshona miaka 19 na mimi nimekulia hapo chini ya meza ya kukatia nikiokota vipande vya vitambaa, kwa hivyo kushona sikufunzwa shule, cherehani ya kukanyaga nilianza nikiwa darasa la tano.

Shida yangu ni projekti. Tuliambiwa kila mtu ashone seti ya nguo tatu zinazoendana, mimi nikachagua sketi, gauni na koti fupi, zote za kitenge, na kila nguo iwe na faili yake, kuanzia mchoro, vipimo, patani ya karatasi ya kukatia, sampuli za vitambaa, gharama, mpaka picha ya mtu ameivaa. Sketi ikapita. Gauni ikapita. Koti sasa ndio imenimaliza. Lekchara aliivalisha dami, ile sanamu ya kujaribia nguo, akaizungusha pole pole, akashika mkono wa kulia akaniuliza "huu mkono unaenda wapi?" na kusema ukweli sikuwa na jibu. Mkono umejipinda, mshono wa chini umekuja mbele, na hapa mbele karibu na kwapa kuna mikunjo kama mtu amevuta kitambaa na kidole. Nikivaa mwenyewe siwezi kuinua mkono nishike chuma ya juu kwa matatu, koti lote linapanda na mimi. Tena kitenge iko na ndege, na kipande cha nyuma ndege wote wako vichwa chini. Kitenge ilikuwa imebaki yadi mbili na nusu baada ya gauni so nilipanga vipande vile vingetosha, vingine nikainamisha kidogo. Kwa fomu aliandika bado sijafikia kiwango, nimepewa wiki tano nirudie koti upya.

Mama sitakuficha, hiyo koti sikuichorea patani. Nilikata vile shangazi hukata, anatandika kitambaa mezani, anapima, anachora na chaki, anakata, na nguo inakaa. Ile patani iko kwa faili niliichora baada ya koti kuisha ndio ionekane nilifuata utaratibu.

Kitu ya pili ndio inaninyima usingizi. Kuna dada mmoja anaolewa wiki saba zijazo, alinipa kazi ya magauni manne ya wasimamizi wake na akanitumia diposti ya 6,000 kwa simu. Nilitoa 3,800 hapo nikanunua kitenge ya projekti, lainingi, vifungo, zipu na kuprinti faili. Nilijua nitairudisha. Sasa kila akipiga simu naiangalia ikilia mpaka ikate. Shangazi hajui, na huyo dada alikuja kwangu juu anamjua shangazi.

Halafu kuna fundi wa huko Kondele ameniambia nimpe 1,500 anishonee hiyo koti safi, nipeleke kama yangu. Wenzangu wawili wamefanya hivyo na wakapita.

Shangazi alipoona fomu alinyamaza muda mrefu, akasema miaka 19 hakuna mtu amemrudishia nguo juu ya karatasi, na Januari inakuja na yunifomu, niachane na kolegi hiyo pesa ya karo tununue mashine ya pili nikae nayo. Mama mimi naanza kuona ni kama ana ukweli. Karatasi ni ya nini kama yeye hukata bila? Niache ama niendelee? Na hii pesa nifanyeje?

Mwenye mawazo mengi, Manyatta.


JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliinuka nikatoa koti langu kwa kabati nikaligeuza ndani nje niangalie kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu iliyoviringa inayoshonwa begani, nikikufikiria. Asante kwa kusema kila kitu. Kuna mambo hapa ungeweza kuficha na hukuficha, na hiyo imenifanya nikujibu kwa urefu.

Tuanze na pesa juu hiyo haingoji wiki tano. Leo jioni, kabla hujashika uzi wala mkasi, mwambie shangazi. Usingoje apate furaha, usingoje umalize koti kwanza, kaa naye umwambie hivi: shangazi nilipokea 6,000 ya fulani, nimetumia 3,800 kwa projekti, imebaki 2,200. Taja hizo namba zote, usiseme "nimetumia kidogo". Huyo dada alileta kazi kwako kwa sababu ya jina la shangazi, na jina la fundi sokoni likiharibika halirudi na pole moja, kwa hivyo shangazi ana haki ya kujua kabla mtu wa nje hajamwambia. Atakasirika, mwache akasirike. Akimaliza mwombe akupe kazi za jioni, kushona mifuko ya kaptula, kupiga ovaloki, kuweka vifungo, chochote, na malipo yako ayashike yeye moja kwa moja yawe ya vitambaa vya wasimamizi.

Ukishatoka hapo mpigie huyo bibi harusi wewe. Mwambie ukweli pia, kwamba diposti yake uliigusa na unairudisha, na vitambaa utavinunua tarehe fulani, na hiyo tarehe uiheshimu kama ya mtihani. Inawezekana akataka pesa yake irudi aende kwa fundi mwingine, na akitaka ni haki yake, usimbembeleze na maneno mengi. Lakini wiki saba kwa magauni manne ni muda wa kutosha kabisa kama vipimo vinachukuliwa sasa, na watu wengi wakiambiwa ukweli mapema hutulia kuliko wakiachwa na simu inalia bila jibu. Kitu kimoja cha kufungua macho hapo, vitambaa vya magauni yote manne nunua siku moja kutoka roli moja. Usinunue viwili leo na viwili mwezi ujao juu rangi ya roli moja na nyingine hazifanani hata kama muuzaji anaapa, na picha ya harusi itaonyesha.

Huyo fundi wa Kondele achana naye. Najua wenzako wamepita na najua 1,500 inaonekana ndogo ukilinganisha na aibu uliyopata, lakini siku utaitwa mbele ya mtahini na kuambiwa weka mkono huu kwa koti hili nikiona, hatakuwepo kukushikia. Na ile patani uliyochora baada ya kushona, itoe kwa faili. Nenda kwa lekchara umwambie umeitoa na unaanza upya. Kwa masomo ya siku hizi faili ndiyo ushahidi wa vile ulifika kwa nguo, na ushahidi wa uongo ni mbaya kuliko nguo iliyopinda. Picha za koti lililokataa ziweke ndani, uandike chini yake nini kilikosekana na ukakirekebisha vipi.

Sasa twende kwa mkono wenyewe, nimekuwa na hamu kufika hapa. Lekchara alikuuliza mkono unaenda wapi. Mimi nakuuliza, uko na uhakika huo mkono wa kulia ni wa kulia?

Kwa vile umeeleza, mshono kuja mbele na mikunjo mbele ya kwapa, kitu cha kwanza kinachonijia ni kwamba mikono ilibadilishana. Chukua koti, fumua mkono mmoja tu kwa upole, ufumue na ule mshono wake wa chini, uupige pasi ulale, halafu ukunje katikati kwa urefu ulinganishe pande mbili za kichwa chake. Hazifanani, au hazifai kufanana. Upande wa mbele umechimbwa zaidi, wa nyuma umejaa, kwa sababu mkono wa binadamu hufanya kazi mbele, unashika kikombe, unashika usukani, mgongo ndio unahitaji nafasi ya kunyooka. Sasa angalia mtego wa kitenge: kitenge cha nta rangi imeingia pande zote mbili, mbele na nyuma karibu hazitofautiani. Ukikunja ukakata mikono miwili pamoja, ukizitenganisha hujui tena ipi ni ya wapi, unaweza kugeuza moja ndani nje na hata hutashtuka. Kwa satini ama kitambaa cha suti ungeona mara moja. Kwa kitenge huoni, mpaka dami avae.

Ndio maana watu wa patani wanaweka nochi, zile alama ndogo za ncha ya mkasi ukingoni, moja mbele na mbili nyuma, kwa mkono na kwa shimo la mkono, moja inakutana na moja, mbili zinakutana na mbili. Ni alama tatu tu, na zingekuokolea wiki nzima.

Jambo la pili ni kule kuinamisha vipande ili vitoshe. Kitambaa kimefumwa na nyuzi za urefu na nyuzi za upana, na za urefu ndizo zinafuata ule ukingo wa kitenge wenye maandishi. Mkono ukikatwa mstari wake wa katikati uwe sambamba na ukingo, unaning'inia wima. Ukiinamisha hata kidogo, uzito wake unavuta kwa mshazari na mkono unajizungusha wenyewe polepole, hauwezi kuunyoosha na pasi, leo utalala kesho utarudi ulivyokuwa. Kwa hivyo koti yako huenda ina makosa mawili yanayosukumana na ukirekebisha moja utabaki na lingine. Kata upya. Na kwa koti fupi la mikono mirefu, tena na michoro inayoangalia upande mmoja kama hao ndege wako, usianze na chini ya yadi tatu. Kama ndege hao hao hukupata tena sokoni, ongea na lekchara mapema umuonyeshe mchoro mpya: koti la rangi moja iliyotolewa kwa mbawa za hao ndege, halafu kola na vifuniko vya mifuko vya kile kitenge kilichobaki. Seti bado itaendana na mimi naona itapendeza hata kuliko mwanzo.

Kabla ya kukata, loweka kitambaa. Kitenge cha pamba kikitoka dukani kina wanga, kinasimama kama karatasi, na kikifuliwa kinalegea na kurudi. Kata kipande cha inchi 10 kwa 10, fua, anika, piga pasi, pima tena, hapo utajua kinarudi kiasi gani urefu na upana, na hiyo namba iandike kwa faili kando ya sampuli.

Sasa kule kushindwa kuinua mkono. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwapa likikatwa chini zaidi mtu anapata uhuru. Ni kinyume. Kwapa likishuka mbavuni, ukiinua mkono unavuta upande mzima wa koti, ndio unaona linapanda na wewe kwa matatu. Kwapa likikaa juu, karibu na mwili bila kukata ngozi, mkono unazunguka peke yake na koti linabaki chini. Na kichwa cha mkono kina maneno yake: kikiwa kirefu mkono unaning'inia vizuri ukisimama lakini hauinuki, kikiwa kifupi na kipana unainuka vizuri lakini una mikunjo ukishusha. Kila nguo inachagua hapo katikati yake.

Na hii mwanangu ndiyo siri ya shangazi yako, nimeiona kwa barua ingawa hukuisema. Anashona yunifomu. Shati la shule lina kichwa kifupi cha mkono, mkono unatoka karibu sambamba na bega, kwapa liko chini na upana ni wa kutosha juu mtoto anakimbia na ataongeza mwili kabla mwaka uishe. Hiyo hesabu iko kwa vidole vyake miaka 19, ni sahihi, na hajawahi kurudishiwa nguo kwa sababu ni sahihi. Wewe ukachukua hesabu ya shati ukaipeleka kwa koti. Koti si shati, linakaa karibu na mwili, na bila ule upana kwapa la chini linalivuta juu. Shangazi hajakosea na lekchara hajakosea, kila mmoja anaongea juu ya nguo yake.

Umeniuliza karatasi ni ya nini. Nikuambie kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza na duka hapa Nakuru nilipewa kazi ya magauni 24 ya kwaya. Mimi pia nilikuwa nakata kwa chaki moja kwa moja na nilijiamini sana. Gauni la kwanza lilikaa mpaka mwenye kwaya akapiga makofi. Nikaendelea, leo matatu, kesho manne, siku nyingine stima imepotea nakata kwa taa. Siku ya kuvaa walisimama mistari miwili mbele ya kanisa na nikaona shingo 24 tofauti. Zingine zimeshuka, zingine zimebana, mabega mengine yameenda mbele, pindo la chini lilikuwa linapanda na kushuka kama njia ya Londiani. Kila gauni lilikuwa limekaa kwa mwenyewe, lakini pamoja hazikuwa kitu kimoja. Nilirudia tisa kwa pesa yangu mwenyewe. Jumatatu nikanunua karatasi ya kaki.

Mkono unaokata bila karatasi unakumbuka mwili mmoja ulio mbele yake, na hiyo ni ustadi mkubwa, usikubali mtu yeyote kolegini akuambie vingine. Lakini unavyokata leo hauwezi kuurudia kesho sawasawa, huwezi kumpa msaidizi akate ukiwa mgonjwa, huwezi kuupanua uwe saizi tano. Huyo bibi harusi wako ana wasimamizi wanne wenye miili minne na anataka gauni moja. Hiyo ni kazi ya patani. Na kama siku moja utataka kwenda viwanda vya nguo kule Athi River, watakupa karatasi ya vipimo usome, hakuna mtu atakayekuuliza kama unakata kwa macho.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Jumapili Kibuye imefurika, ingia kwa mitumba utafute vitu viwili. Cha kwanza ni shuka la pamba, kubwa, hata kama lina doa, hilo ndilo utashonea mfano wa koti kabla ya kugusa kitambaa cha bei. Wakufunzi wengi wanapenda merikani kwa kazi hiyo, ile pamba isiyopaushwa ambayo ilipata jina lake kutoka kwa wafanyabiashara Wamarekani waliokuwa wakiileta Zanzibar karne ya 19, lakini shuka linafanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Cha pili ni koti la kike la mtumba, lile ambalo kola imechakaa na hakuna mtu anataka, bora mikono yake imekaa vizuri. Lijaribu kwanza, inua mkono, ona linavyotenda. Halafu nyumbani lifumue mshono kwa mshono, usirarue, na kila kipande ukitoa kiandike kwa chaki ni cha wapi na upande gani. Utakuta ndani vitu ambavyo hakuna daftari litakuonyesha hivyo, kola ya chini imekatwa ndogo kidogo kuliko ya juu ili mshono usionekane, lainingi ina mkunjo wa ziada katikati ya mgongo ili mtu akiinama isipasuke, na kichwa cha mkono ukikipima utaona kimezidi shimo la mkono. Ile ziada ndiyo inafanya bega lijae. Kwa koti la sufu ziada inaweza kuwa inchi moja na nusu hata zaidi juu sufu inakubali kubanwa na mvuke. Kitenge hakikubali hivyo, ni kigumu, ukizidisha utapata vikunjo kama puto, kwa hivyo wewe weka karibu inchi moja. Piga mistari miwili ya mshono mrefu kutoka nochi ya mbele ukizunguka juu mpaka nochi za nyuma, vuta nyuzi taratibu, tandaza juu ya taulo lililoviringwa, piga pasi ya mvuke, ndio uanze kuunganisha na koti.

Na hapa ndipo shangazi anaingia, sio kama mpinzani. Mwombe akukatie bodisi moja inayofika nyongani kwa lile shuka, kwa mwili wako, vile anavyojua. Usimwelekeze. Akimaliza uilaze juu ya karatasi ya kaki uichore pande zote, halafu juu yake uchore ile bloku ya kolegi, yaani patani ya msingi, ya vipimo vyako kwa kalamu ya rangi nyingine. Angalia mistari inapoachana. Nakuahidi itaachana kiunoni na nyongani. Majedwali mengi ya saizi yanayofundishwa yanadhani tofauti ya kiuno na nyonga ni inchi kama 10, na shangazi ameshonea wanawake wa Kibuye ambao kiuno ni 30 na nyonga ni 44. Inchi 14 huwezi kuzitoa zote kwa dati mbili, yale mapindo yaliyoshonwa kubana kiuno, dati ikizidi inchi moja na robo hivi inachongoka kwa ncha, kwa hivyo yeye amegawanya, dati mbili kila upande wa nyuma na zingine amezila kwa mshono wa pembeni uliopinda. Hajawahi kuiandika popote. Wewe iandike, weka hiyo karatasi ya mistari miwili kwa faili, na mpelekee lekchara. Sidhani ana mwanafunzi mwingine atakayemletea kitu kama hicho mwaka huu. Muulize shangazi pia kwa nini huacha inchi nzima pembeni wakati kolegi wanasema sentimita moja na nusu. Atakuambia kastoma hunenepa akarudi.

Kwa hivyo kuacha, hapana. Umebakisha kidogo na nguo mbili kati ya tatu zimepita. Mashine ya pili inaweza kununuliwa Januari ya mwaka mwingine. Lakini mzigo wa shangazi ni wa kweli, karo inatoka kwa vidole vyake, kwa hivyo kama hujaomba mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ujue wanafunzi wa kolegi za ufundi pia huomba, ingia uulize wiki hii. Na siku moja mkiwa mmetulia mwambie NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya ufundi kwa watu waliojifunza kazini, unaanza gredi ya tatu unapanda mpaka ya kwanza, unapimwa kwa kushona. Mtu wa miaka 19 kwa mashine anastahili cheti chenye jina lake ukutani pale kibandani. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Mambo madogo nisisahau. Sindano ya kitenge weka namba 14, ya lainingi shuka mpaka 11, usishone zote na sindano moja iliyochoka. Hatua ya mshono kama 10 kwa inchi. Na kila mshono ukimaliza upige pasi hapo hapo kabla haujavukwa na mwingine.

Leo ni mazungumzo na shangazi. Jumapili ni shuka. Jumatatu chora, kata, shona mfano wa bodisi na mkono mmoja peke yake, wa kushoto, wenye nochi zake, usishone wa pili. Vaa, simama mlangoni, inua huo mkono kama unashika chuma ya juu kwa matatu na uangalie pindo la chini. Likibaki pale pale nitumie picha. Likipanda, nitumie picha pia, ukiwa umeinua mkono, mbele na ubavuni, tutafute inchi imepotelea wapi.